Mama Mkwe Hali Mbele Yangu

Alhamisi, 5 Juni 2025

Vijiko vinne. Vinne tu! Uji wa lishe, karanga nimetwanga mwenyewe, nimeupoza mwenyewe — na Bibi Modesta kameza vijiko vinne, kafunga mdomo kama mlango wa stoo. Nikasogeza kiti. Nikamwambia, "Mama mkwe, kidogo tu, kwa ajili yangu." Akavuta khanga hadi machoni, akageukia ukutani. Nikasogeza kijiko, akanipiga mkono. Uji wote kwenye shati.

Sikasiriki. Mwenye ugonjwa wa kusahau hafanyi kusudi, Sista Dorotea alitufundisha hivyo siku ya kwanza. Lakini naumia. Miaka sita niko nyumba hii ya wazee, hapa Buhongwa, na kila anayekataa kula analetwa kwangu. "Mpelekeeni Revo," Sista husema, "Revo atalisha hata jiwe." Mzee Luhende alikuwa anatema kila kitu, leo anamaliza sahani na kuuliza ya jirani. Bibi huyu — hapana. Alikuja Machi na kilo arobaini na sita, bangili yake ya shaba ikimkaa vizuri karibu na kiganja. Akinyanyua mkono sasa hivi, bangili inateleza hadi kwenye kiwiko.

Ee Yesu, nionyeshe ninachokosea.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya Daktari Bhumika. Anakuja kila wiki tatu na mizani yake, maana yetu iliharibika tangu Pasaka. Ni binti wa hapa hapa mjini, babu yake alikuwa na duka la vitambaa. Anaanza na shikamoo kwa wazee wote kumi na wawili, mmoja mmoja, ndipo anafungua begi.

Bibi Modesta kapimwa kila kitu. Mdomoni hakuna kidonda wala fangasi. Meno matatu yaliyobaki ni mazima. Malaria hakuna. Mkojo safi. Koo linameza. Mizani: thelathini na tisa na nusu!

Nilipoingia kumsaidia kumshusha, Bibi akajifunika khanga uso mzima.

"Kwa nini anajifunika?" daktari kauliza.

"Aibu za wazee, daktari."

Akaniangalia kidogo. Halafu akatuita mimi na Sista pembeni. Anarudi tarehe ishirini na saba. Akimkuta chini ya thelathini na tisa, Bibi anakwenda wodini kuwekewa mpira wa puani. "Mimi mwenyewe siupendi," kasema. "Wagonjwa kama hawa mara nyingi hauwasaidii. Lakini siwezi kukaa namtazama anakauka."

Mpira! Mwaka jana Mzee Obedi aliwekewa. Hakuelewa ni kitu gani, akauchomoa. Wakaurudisha, akauchomoa. Wakamfunga mikono na bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Alikufa hivyo. Mimi ndiye niliyekwenda kumfungua, mikono ikiwa imeshapoa. Sijamwambia mtu yeyote kwamba nililia mle ndani.

Bibi Modesta hapana. Mungu wangu, hapana.

Daktari kaniachia daftari la mistari. "Baba Revo, usiandike alichokula tu. Andika saa, andika mahali, andika nani alikuwepo. Maneno yamemwishia, lakini kuna kitu anatuambia." Nimesema sawa. Daftari nimelitundika jikoni kwa kamba.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Misa ndefu, kwaya imeimba hadi mabati yakatetema. Nimemwombea Bibi kwa jina.

Nimerudi saa tisa. Teodora — tunafanya naye kazi, yeye na jiko, mimi na wazee — kanipokea mlangoni: Bibi kala! Ugali wa udaga, ule wa muhogo, na dagaa, sahani nzima, na maji kaomba. Nikapiga magoti palepale kwenye saruji. Roho Mtakatifu kashuka!

Jioni nikakaa naye mwenyewe ili tuendeleze. Kijiko kimoja. Cha pili kakitema kwenye khanga.

Jumatano, 11 Juni

Vijiko viwili. Nimekaa naye kuanzia saa sita hadi saa nane. Nimeimba. Nimesali. Nimemwita mama mkwe kwa upole wote nilionao. Kaufumba mdomo, macho ukutani.

Kesho naongeza muda.

Alhamisi, 12 Juni

Hakuna. Hata kimoja.

Ijumaa, 13 Juni

Sista kanituma mjini kuchukua dawa za presha za wazee, nikashinda huko. Nasikia Bibi kala mchana. Afadhali.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika kwa mkono mzito.

Asubuhi Teodora kaja na lile daftari kifuani. "Baba Sabina, usinikasirikie." Sabina ni binti yangu. Nikamwambia nikukasirikie kwa nini? Akanifungulia.

Safu ya "nani alikuwepo". Revo: kimoja. Revo: viwili. Revo: hakuna. Teodora: sahani yote. Teodora: robo tatu. Halafu juzi, mwandiko wa Teodora: sahani ilisahaulika mezani, hakuna mtu — yote!

Hakuna mtu — yote. Nimeusoma mstari huo mara tatu.

Kwa hiyo ni mimi. Siyo meno, siyo koo, siyo malaria. Bibi Modesta anakufa njaa kwa ajili yangu, na mimi kila siku naongeza muda!

Nimeingia kwenye kikanisa chetu kidogo, nikakaa benchi la nyuma. Nilikuwa najivuna, Bwana. Revo analisha hata jiwe. Nilifurahi kuitwa hivyo. Nisamehe. Lakini niambie basi — nimemkosea nini mama wa watu?

Jumapili, 15 Juni

Nimejua! Nimejua! Asante Yesu na Mama Maria!

Rebeka, binti yake Bibi, kaja kutoka Kisesa na kapu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikuwa amekaa kitandani na mama yake wanatafuna, nikapita na beseni la maji. Mimi na mazoea yangu: "Shikamoo mama mkwe!" Bibi akatupa kipande cha michembe chini ya mto, khanga usoni.

Rebeka akaacha kutafuna. "Baba, umemwitaje?"

"Mama mkwe. Utani tu, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu siku aliyokuja."

"Wewe kabila gani?"

"Mhaya. Lakini wa Kirumba, nimekulia Mwaloni kwenye soko la samaki."

"Ndiyo maana!" Akacheka, akacheka, akashika mbavu, mara naona anafuta machozi, na siyo ya kicheko tena. Tukatoka nje akanieleza. Mama yake ni Msukuma wa zamani, wa kijijini. Mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono. Wakikutana njiani, mama anaacha njia. Na kula — ndiyo kabisa! "Marehemu mume wangu Nestory tumekaa naye miaka ishirini na tatu. Tangu aoe hadi anazikwa hajawahi kumwona mama akitafuna. Na wewe unamshikia kijiko!"

Nikakaa chini kwenye ngazi.

Kule Mwaloni kila mwanamke mtu mzima unamwita mama mkwe, anakutukana kidogo, anakuongezea samaki, maisha yanakwenda. Kwetu Bukoba nako mkwe anaheshimiwa, najua, lakini wenye akili zao wanajua utani ni utani. Bibi Modesta kasahau mwaka, kasahau Rebeka kazaa wangapi, kasahau nyumba yake. Heshima hakuisahau. Nimemwambia mimi ni mkwe wake, kaniamini. Kisha nikakaa mbele yake saa mbili nzima namtazama mdomoni! Alikuwa ananiheshimu hadi anakonda.

Na mimi niliandika hapa kwamba kanipiga mkono. Ningekuwa yeye ningepiga kwa fimbo.

Jumatatu, 16 Juni

Kikao jikoni. Sista kasema rahisi tu, Revo asimhudumie Bibi tena. Haikuwa rahisi. Teodora peke yake na wazee kumi na wawili, hawezi. Tena Bibi ananijua hata nikikohoa kwenye korido — anaweka kijiko chini, anajifunika, anasubiri mkwe apite. Na mimi napita siku nzima.

Nikasema basi nitamweleza mimi siyo mkwe, ulikuwa utani. Rebeka kasema kwenye simu: utamfukuza mkwe wake? Atauliza kakosa nini, na hutaweza kumjibu.

Nikamwambia Sista dhamiri inanisumbua. Kujifanya mkwe wa mtu si uongo? Akaniangalia juu ya miwani. "Uliyemwita mama mkwe ni wewe, Revo. Sasa kuwa mkwe."

Mzee Luhende alikuwa mlangoni, anasubiri chai ambayo ameshakunywa. Kumbe alikuwa anasikiliza. "Mkwe gani anaingia kwa mama mkwe kama mbuzi?" Sote tukageuka. Huyu mzee hajui leo ni siku gani, ananiita majina matatu tofauti kwa siku. Lakini ujana wake wote alikuwa mshenga, kapeleka posa vijiji vingi. Akanyoosha kidole: mkwe haji mikono mitupu. Mkwe anakaa upande wake. Mkwe ana neno? Anamtuma mtu.

"Tumtume nani, mzee?" Teodora kauliza.

"Wewe mtoto vipi? Mimi nimekaa hapa kazi gani?"

Jumanne, 17 Juni

Alfajiri Mwaloni. Sijafika muda mrefu. Wale mama bado wananijua: "Revo! Wewe si ulikwenda kulea wazee, umeshakuwa mzee mwenyewe?" Nimechagua sato mzuri, macho yanang'aa. Mmoja akauliza ni wa nani. Nikasema wa mama mkwe. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Tumetundika shuka la buluu katikati ya ukumbi, kutoka ukutani hadi kwenye nguzo. Bibi na wanawake upande wa dirishani, mimi na wazee wa kiume upande wa mlango. Saa sita Teodora kapeleka sato wa kuchemsha na ugali. Mzee Luhende kavaa koti — kalidai yeye, hakukubali bila koti — kashika fimbo, kapita pembeni ya pazia kwa mwendo wa harusi.

Namsikia: "Mwangaluka, mayu." Akajibiwa! Sauti ya Bibi Modesta, kwa Kisukuma, nzima kabisa. Miezi mitatu sijaisikia sauti hiyo. Kisha mzee: "Mkwe wako kaleta samaki. Yuko upande wake, haoni kitu. Anasema ule."

Nilishika rozari mfukoni.

Mara — mfupa ukidondoka kwenye sahani. Halafu mwingine.

Teodora kachungulia kwangu, kainua mikono juu bila sauti. Yote! Yote, na mchuzi kaomba! Nikatoka nje mbio, nikafika kwenye mawe ya nyuma ya jiko, nikaruka ruka pale peke yangu kama mtoto. Miaka hamsini na mbili naruka!

(Mzee Luhende kadai ada ya mshenga. Kapewa kichwa cha samaki. Baada ya saa moja kadai tena. Kapewa chai.)

Alhamisi, 19 Juni

Dawa ya presha nayo imepita! Alikuwa anaitema. Mzee Luhende kampelekea kwenye kisahani: "Mkwe kahangaika nayo kutoka mjini." Kameza, kafunua mdomo kuonyesha.

Asubuhi uji vikombe viwili. Mchana matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, na maziwa ya mgando. Ile safu ya "nani alikuwepo", naandika mwenyewe: Revo, nyuma ya pazia.

Jumapili, 22 Juni. Ekaristi Takatifu

Maandamano, jua, maua. Nimetembea nikiwa mwepesi.

Mchana nikamwona Bibi kwa mbali anasuka mkeka na Teodora. Kanyanyua mkono kufukuza nzi. Bangili ikateleza — ikasimama katikati. Haikufika kwenye kiwiko!

Jumatano, 25 Juni

Mungu wangu, mimi na mikono yangu.

Saa sita upepo wa ziwani ulivuma, shuka likachomoka kwenye msumari. Nikarukia kulishika. Shuka likaanguka lote, na mimi hapo — mdomo umejaa ugali — na Bibi hapo, kijiko mdomoni. Tukatazamana.

Kaweka kijiko chini. Kafunika uso. Jioni hakula. Dawa hakumeza.

Bado siku mbili daktari aje. Siku mbili!

Alhamisi, 26 Juni

Asubuhi bado. Uji umepoa, umerudi jikoni kama ulivyokwenda. Sista anatembea korido huku na huku. Nimeanza kuona zile bandeji za Mzee Obedi.

Nikamfuata Mzee Luhende kwenye benchi lake. Leo aliniita Chenge, sijui ni nani. Nikamweleza yote: upepo, pazia, macho kwa macho. Nilidhani hanisikii. Akauliza: "Umemwona anakula?"

"Nimemwona, mzee."

"Na yeye kakuona?"

"Kaniona."

"Basi unasimama hapa unangoja nini? Peleka kuku ukaombe radhi!"

Kuku mzima, mwenye uhai. Aliyechinjwa ni chakula, si radhi. Nikakimbia kwa jirani, nikarudi na tetea mweupe kwapani. Mzee kampokea, koti, fimbo, mwendo uleule. Nikasimama nyuma ya shuka — safari hii nimepigilia misumari sita! Nasikia mzee anasema maneno mengi, mengine sikuyaelewa, Kisukuma cha ndani. Kisha kuku akaponyoka. Kelele! Kapita juu ya viti, kaangusha dawa, Sista anaita watakatifu wote, Teodora yuko chini ya meza —

Na katikati ya yote hayo, kicheko. Kikavu, cha zamani, hakiishi. Bibi Modesta anacheka!

"Mwambie mkwe," kasema kwa Kiswahili, ili nisikie, "asirudie."

Kala michembe. Kala kidogo, lakini kala. Kuku yuko uani, kafungwa mguu, anaitwa Radhi.

Ijumaa, 27 Juni. Sikukuu ya Moyo Mtakatifu wa Yesu

Naandika nikiwa nyuma ya pazia, daftari juu ya goti. Nimekatazwa kutoka.

Daktari kafika saa tano. Kamaliza wengine, kabakiza Bibi. Teodora kampandisha kwenye mizani. Namsikia daktari: "Aa! Betri." Imezima. Betri za akiba hazipo. Dereva katumwa madukani barabarani. Hadi sasa hajarudi na saa sita imefika, na saa sita ni chakula. Sista akasema daktari tungoje? Daktari akasema hapana, ale kama kawaida, nataka kuona.

Kwa hiyo yuko upande wa pili, namwona vivuli vya viatu tu. Sato, ugali, mlenda. Kijiko kinagonga sahani.

Daktari, taratibu: "Anakula mwenyewe?"

Teodora: "Daktari, angalia dirishani kidogo. Ukimkazia macho na wewe utakuwa mkwe."

Daktari kacheka chinichini. Nasikia anafungua lile daftari la jikoni, kurasa zinageuka. Kafika mahali kasimama. "Revo, nyuma ya pazia," kasoma.

Mzee Luhende kaja kwangu sasa hivi. Kasimama. Kasahau alichotumwa. Kaondoka. Nasikia Bibi anamkemea. Karudi.

"Mama mkwe wako anauliza umekula."

Nimeandika hivyo hivyo alivyosema. Nasoma tena. Anauliza mimi nimekula.

"Mwambie bado, mzee."

Kaondoka, na njiani kasahau tena, maana nasikia anaomba chai. Lakini Bibi hakumngoja. Chini ya shuka sahani inasukumwa, inakwaruza saruji. Nusu ya samaki, upande wa tumbo, wenye mafuta. Na ule mkono. Mkono tu, uso sijauona wala sitautafuta. Bangili iko kwenye mkono, chini, karibu na kiganja, na mkono ukarudi upande wake nayo bado iko palepale.

Gari la dereva hilo limeingia getini.

Nile? Huyu samaki ni wa mizani! Kila kipande hapa ni gramu zake, na thelathini na tisa sijui zimefika au hazijafika. Nikirudisha — mkwe anayerudisha chakula cha mama mkwe!

"Kula," Mzee Luhende kasema kutoka kwenye benchi lake, hata hanitazami. "Usituaibishe."

Nimeomba baraka. Naanza.

Betri zinaingia. Mizani imelia — tii! Sista kashaanza Salamu Maria kwa sauti. Teodora anasema, "Haya Bibi, mguu huu, na huu." Daktari kainama, vivuli vya viatu vimesogea. Wamenyamaza wote.

Na mimi natafuna taratibu sana, asinisikie.